UZI: Konokono, sisimizi na samaki wadogo, wenyeji wa kati wanaobeba minyoo ya wanyama pori

Darubini

Wakuu, habari zenu.

Nimekaa na minyoo ya wanyama pori miaka kadhaa sasa, na kuna dhana moja naikuta kila mahali. Mtu akiambiwa mbwa mwitu ana tegu, papo hapo anaamini kaambukizwa na mbwa mwitu mwenzake. Akisikia bata ana minyoo, anawaza bata mwingine. Ipo minyoo inayosambaa hivyo, sikatai. Lakini tegu walio wengi, na karibu minyoo bapa wote wa porini, wale wenye umbo la jani kama mnyoo wa ini, hawawezi. Yai la tegu wa mbwa mwitu likimezwa na mbwa mwitu halifiki popote, linapita tu. Ni lazima limezwe kwanza na mnyama wa aina nyingine kabisa, lava, yaani mnyoo mchanga, atoke, ajichimbie mwilini mwake, abadilike umbo, kisha mnyama huyo aliwe. Huyo tunamwita mwenyeji wa kati. Yule ambaye ndani yake mnyoo anakomaa na kutaga ni mwenyeji wa mwisho.

Nafungua uzi huu kwa sababu naona mwenyeji wa kati hapewi haki yake. Anatajwa kwa neno moja kama kituo cha njiani, halafu maelezo yote yanahamia kwa mnyama mkubwa. Kwangu mimi ni kinyume. Kazi nzito ya maisha ya mnyoo, yaani kuongezeka, kusubiri na kutafuta njia ya kuvuka, inafanyika kwa huyu mdogo.

Niwape picha niliyoiona kwa macho yangu. Konokono wa maji baridi, si mkubwa kuliko punje ya harage. Nilimsuuza, nikamweka kwenye glasi ya maji safi, nikamfunika usiku kucha, asubuhi nikamweka chini ya taa. Saa ya kwanza hakuna kitu. Saa ya pili nikainua glasi mbele ya kitambaa cheusi, nikaona vumbi jeupe majini, ila vumbi lile lilikuwa likipanda na kushuka lenyewe. Nikachukua tone moja nikaliweka chini ya darubini. Kila chembe ilikuwa na mwili kama tone la chozi na mkia uliogawanyika nchani kama panda. Inarusha mkia, inapanda. Inatulia, inazama kidogo. Inarusha tena. Hao ni sekaria, lava wa minyoo bapa. Siku ile nilihesabu mamia nikaacha. Kesho yake konokono yuleyule akatoa wengine, na keshokutwa wengine.

Sasa fikirini: huenda mwanzo wa wote wale ni yai moja. Yai lilianguka majini na kinyesi cha ndege au mnyama, likaanguliwa, akatoka lava mdogo mwenye vinyweleo asiyekula chochote, anayeogelea kwa akiba aliyotoka nayo yaini, na akiba hiyo kwa kawaida haivuki siku moja. Ndani ya saa hizo lazima ampate konokono wa aina yake hasa, si konokono yeyote. Akimpata anapenya, anageuka kifuko, na ndani ya kifuko wanaumbwa wengine, na ndani ya hao wengine, pasipo dume wala jike. Tezi za uzazi za konokono mara nyingi huliwa au hukauka kabisa. Kwa nje unaona konokono anatambaa na kula majani kama kawaida, lakini chakula kile kinazalisha minyoo, si konokono.

Karibuni tuchangie.

Nyayo za Asubuhi

Mkuu, asante sana kwa darasa. Mimi nina swali ambalo pengine ni la kitoto. Kwa nini mnyoo ajitaabishe hivyo? Kila anapohama lazima wengi wafe njiani. Si ingekuwa rahisi aende moja kwa moja?

Darubini

Si la kitoto hata kidogo, wataalamu wameliumizia kichwa. Mwaka 2003 Geoff Parker na wenzake waliandika katika jarida la Nature hesabu za jambo hili, na kiini chake kinaeleweka hata bila hesabu.

Njia ya kwanza: chukua mnyoo wa zamani aliyekuwa anaishi kwa mnyama mdogo tu na kumaliza maisha yake humo. Mnyama mdogo huliwa. Kila anapoliwa, mnyoo naye anakufa tumboni mwa mlaji. Lakini akitokea mmoja anayestahimili tumbo lile, huyo amepata nyumba kubwa zaidi, yenye maisha marefu zaidi na chakula kingi. Anakua mkubwa, anataga mayai mengi. Tena mlaji mmoja hula wadogo wengi, kwa hiyo minyoo waliotawanyika huku na huko wanakutana sehemu moja na kupandana. Baada ya vizazi vingi, kutaga kwa mnyama mdogo kunaachwa, kunabaki kwa mkubwa peke yake.

Njia ya pili inaanzia juu. Tegu anaishi kwa mla nyama, mayai yanadondoka na kinyesi kwenye nyasi. Mbwa mwitu hali nyasi, kwa hiyo yai lingeweza kukaa pale mpaka lioze. Anayepita kila siku akizoa nyasi ni mla majani. Mnyoo aliyeweza kuishi kwa mla majani mpaka huyo aje aliwe ndiye aliyeacha kizazi.

Mfano wake mzuri ni tegu wadogo wa kundi la Echinococcus kwa mbwa mwitu na musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote wa misitu ya kaskazini. Tegu mwenyewe ni wa milimita chache tu, mbwa mwitu anaweza kuwa na maelfu na asionyeshe dalili. Musi akimeza yai, lava anatoboa ukuta wa utumbo, anasafiri na damu na mara nyingi anakwama mapafuni. Hapo anajenga lengelenge la maji lenye vichwa vingi sana vya tegu, kila kimoja kikisubiri. Kwenye kisiwa cha Isle Royale katika Ziwa Superior, Marekani, ambako mbwa mwitu na musi wamefuatiliwa tangu 1958, mapafu yenye malengelenge hayo ni jambo linalojulikana. Musi mwenye mapafu ya namna hiyo akifukuzwa umbali mrefu, sitashangaa nani atachoka kwanza.

Binadamu akimeza yai hilo kwa bahati mbaya naye anaota lengelenge, na kwake ni ugonjwa mzito. Kwa mnyoo huo ndio mwisho wa njia, maana hakuna mbwa mwitu atakayekuja kula mapafu yake.

Kitabu Wazi

Naomba niongezee kidogo kwenye historia. Mpaka katikati ya karne ya 19 wasomi wengi waliamini lengelenge lililo kwenye nyama na tegu aliye utumboni ni viumbe viwili tofauti, kila kimoja na jina lake. Katika miaka ya 1850 daktari Mjerumani Friedrich Küchenmeister aliwalisha wanyama walao nyama malengelenge yaliyotoka kwa sungura, akawafungua, akakuta tegu wachanga. Yeye huyohuyo baadaye alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo malengelenge ya nguruwe, jambo ambalo leo hakuna anayeweza kulitetea. Kwa upande wa minyoo bapa, njia kamili ya mnyoo wa ini wa kondoo kupitia kwa konokono ilithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Rudolf Leuckart wa Ujerumani na A. P. Thomas wa Uingereza.

Na mimi nina swali. Kuna mnyoo mwingine wa ini anapitia kwa sisimizi. Kondoo hali sisimizi, wala kulungu hali. Hapo inakuwaje?

Darubini

Asante Kitabu Wazi, umenipunguzia kazi.

Huyo ni Dicrocoelium dendriticum, na ana wenyeji wawili wa kati, wote wa nchi kavu. Konokono wa nchi kavu anakula mayai kwenye kinyesi. Sekaria wakiiva wanapanda kwenye nafasi ya kupumulia ya konokono, naye anawatema wakiwa wamefungwa ndani ya vidonge vya ute. Sisimizi wanavipenda vidonge vile kwa unyevu wake. Hatua hii ya sisimizi ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu, kwa kazi ya Wendell Krull na Cortland Mapes huko Marekani. Kabla ya hapo watu walidhani mnyama anakula vile vidonge vyenyewe.

Ndani ya sisimizi, lava karibu wote wanajifunga kwenye magamba tumboni na kutulia. Mmoja anakwenda kichwani na kukaa kwenye fundo la neva lililo chini ya umio. Jioni hewa ikipoa, sisimizi huyu harudi kichuguuni na wenzake. Anapanda jani la nyasi mpaka nchani, analing'ata, taya zinakazana, anabaki pale usiku mzima hadi asubuhi, saa ambazo walao majani wako malishoni. Jua likipanda taya zinaachia, anashuka na kuendelea na kazi zake. Utafiti wa msitu wa Bidstrup nchini Denmark uliochapishwa 2023 ulifuatilia sisimizi waliotiwa alama ya rangi, ukakuta kinachoamua ni joto. Baridi inamfunga, joto linamfungua. Angebaki pale juani angekauka, na minyoo wote wangekufa naye.

Yule lava wa kichwani hakomai kamwe. Hata sisimizi akiliwa, wanaofika kwenye mirija ya nyongo ni wale wa tumboni. Kila ninapolieleza hili nanyamaza kidogo, maana sijapata jambo jingine linalonigusa kama hilo katika kazi hii.

Mpenda Ndege

Mimi niliona picha ya konokono mwenye pembe zinazochezacheza rangi ya kijani kama viwavi. Nilidhani imetengenezwa. Ni kweli?

Darubini

Ni kweli kabisa. Huyo ni mnyoo anayeitwa Leucochloridium, ndani ya konokono wadogo wa sehemu zenye majimaji. Mnyoo anatuma mifuko yake mpaka ndani ya pembe za macho, mifuko ina pete za kijani na kahawia, na kukiwa na mwanga inadunda. Ndege anadonoa akidhani kiwavi. Humo ndani lava wameshakamilika, hawahitaji kuogelea wala mwenyeji wa pili. Watafiti wa Poland waliripoti mwaka 2014 kwamba konokono hao hukaa sehemu za wazi na za juu zaidi kuliko wenzao wasio na mnyoo.

Ila nawaomba tuwe waangalifu hapa. Kumwona mnyama mgonjwa akifanya mambo ya ajabu hakutoshi kusema mnyoo anamwendesha. Inabidi kuonyesha kwamba kweli analiwa zaidi, na analiwa na yule anayetakiwa. Kazi ninayoiheshimu sana ni ya Kevin Lafferty na Kimo Morris ya mwaka 1996 huko California. Kuna samaki mdogo wa vinamasi vya maji ya chumvi, mnyoo wake anajaza vifuko juu ya ubongo, na mwenyeji wa mwisho ni ndege wavuvi. Kwanza walikaa wakawatazama samaki kwenye matangi: wenye minyoo walijipindua ubavu, walitetemeka, walipanda juu, mara nne zaidi ya wazima. Halafu wakawaweka wote pamoja kwenye vizimba, kimoja kimefunikwa, kingine wazi kwa ndege. Kwenye kizimba cha wazi, wenye minyoo waliliwa mara 10 hadi 30 kuliko wazima. Ukiwa na ushahidi wa aina hiyo, ndipo unaweza kusimama na kusema.

Mwana wa Mto

Naomba kuuliza, Mkuu Darubini. Kama mnyoo anataka mwenyeji wake aliwe, vipi akiliwa mapema kabla mnyoo hajawa tayari? Si anapoteza kila kitu?

Darubini

Umegusa penyewe. Tumtazame Schistocephalus solidus, tegu wa ndege walao samaki. Yai linaanguliwa majini, lava anamezwa na kopepodi, mdudu wa maji anayeonekana kama nukta. Kwa takriban wiki mbili mnyoo hajaiva. Katika muda huo kopepodi anakuwa mpole kuliko kawaida, hajitikisi sana, haonekani kirahisi. Mnyoo akiiva, mambo yanageuka na kopepodi anaanza kuhangaika huku na huko mpaka samaki amwone. Na pale watafiti walipowaweka minyoo wawili wa umri tofauti ndani ya kopepodi mmoja, aliyeiva ndiye aliyeshinda, mchanga akaburutwa.

Samaki mwenyewe ni yule mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni. Ndani ya tumbo lake mnyoo anakua mno. Nimewahi kumpasua mmoja aliyevimba kama mwenye mayai. Nilipofungua, mnyoo alijaa tumbo zima, mweupe, bapa, ana mikunjo kama utepe ulioshindiliwa, na viungo vya samaki vimesukumwa pembeni. Wako samaki ambao mnyoo anakaribia kuwazidi uzito wao wenyewe.

Akifika kwa ndege, joto la mwili wa ndege linamwamsha, anakomaa haraka, anataga, na katika wiki moja au mbili kamaliza. Miezi kwa samaki, siku chache kwa ndege. Tunamwita tegu wa ndege, lakini karibu mwili wake wote aliujenga kwa chakula cha samaki.

Mshale

Kwa maelezo haya mimi naona suluhisho ni moja. Konokono wauliwe wote, njia imekatika, wanyama pori wanapona.

Mpenda Ndege

Mshale ndugu yangu, konokono wanaliwa na samaki na ndege kibao. Ukiwamaliza unawapa hao njaa kabla hujawapa afya.

Darubini

Mshale, nia yako naielewa, maana hata mimi nilianza kazi hii nikiwachukia minyoo. Kwa magonjwa ya watu kama kichocho, kupunguza konokono mahali maalumu kuna nafasi yake. Porini ni habari nyingine.

Kwenye kinamasi cha Carpinteria huko California eneo lililoharibika lilirekebishwa mwaka 1997. Todd Huspeni na Kevin Lafferty wakawa wanapasua konokono kila baada ya muda na kuhesabu waliobeba minyoo. Mwanzoni walikuwa wachache. Miaka sita baadaye walikuwa wameongezeka mara nne hivi, wakalingana na sehemu ambazo hazikuharibika. Sababu ni kwamba ndege walirudi kutua na kula pale, na kinyesi chao kikaleta mayai. Kila aina ya mnyoo ndani ya konokono inakuambia samaki gani au kaa gani yupo, na ndege gani anakuja. Konokono mwenye minyoo ya aina nyingi anatoka mahali ambapo wengi wanakula na wengi wanaliwa.

Na msidhani ni vitu vidogo. Armand Kuris na wenzake walipima viumbe vya vinamasi vitatu vya pwani hiyo, wakachapisha mwaka 2008: uzito wa sekaria wanaotolewa na konokono kwa mwaka ulizidi uzito wa ndege wote wa pale.

Tatizo linakuja tunapovuruga uwiano. Mwaka 1995 wanafunzi wa shule huko Minnesota walikuta vyura wengi wenye miguu ya ziada au iliyopungua. Mwaka 1999 Pieter Johnson na wenzake walionyesha kwamba sekaria wa mnyoo Ribeiroia ondatrae wakiingia kwa viluwiluwi kwenye vichipukizi vya miguu, miguu inaota vibaya hivyohivyo. Chura wa namna hiyo harukii mbali, na korongo anamfikia. Kazi iliyofuata ikaonyesha mbolea ikitiririkia madimbwini inaongeza mwani, mwani unalisha konokono, konokono wanatoa sekaria wengi kupita kiasi. Mnyoo alikuwepo tangu zamani. Sisi ndio tuliomjazia konokono.

Nyayo za Asubuhi

Je, mwenyeji wa mwisho yeye haumii?

Darubini

Mara nyingi huumia kidogo, kwa kuwa mnyoo anamhitaji aishi atembee na kusambaza mayai. Wa kati ndiye anayehitajika afe, kwa minyoo wanaopita kwa njia ya kuliwa.

Ila akiingia kwa mwenyeji asiye wake, ni balaa. Amerika Kaskazini kuna mnyoo wa kulungu mkia-mweupe anayeishi kwenye utando unaozunguka ubongo. Lava wake wanatoka na kinyesi, wanapenya kwenye unyayo wa konokono, kisha kulungu anameza konokono pamoja na majani bila kujua. Kulungu huyu wamezoeana naye, hana shida. Musi akila konokono huyohuyo, mnyoo anamharibu uti wa mgongo na ubongo: anazunguka mahali pamoja, miguu ya nyuma inalegea, haogopi tena watu, na wengi hufa. Ndiyo maana idadi ya kulungu hao ikiongezeka kwenye eneo la musi, walinzi wa wanyama wanaingiwa na hofu.

Mwana wa Mto

Mkuu, mimi nina darubini ndogo ya shule. Naweza kujaribu lile la konokono kwenye glasi?

Darubini

Unaweza, na nitafurahi ukileta ulichokiona hapa. Vaa glavu za mpira kuanzia unapomtoa konokono majini, na usiingie majini kwa miguu mitupu, maana wapo sekaria wanaopenya ngozi ya mtu. Chukua konokono 20 au 30, kila mmoja glasi yake, kwa sababu walio wengi hawatatoa kitu na ukiwachanganya hutajua nani katoa. Maji yasiwe ya bomba yenye dawa. Wafunike usiku, asubuhi wape mwanga, tazama mbele ya kitu cheusi kwa saa tatu hadi nne. Wengine hutoa jioni tu, kwa hiyo usiwatupe mapema. Ukipata wenye mkia wa panda, chora na andika saa waliyotoka. Ukimaliza, maji yale usiyamwage mtoni wala bustanini. Yachemshe kwanza.